Mama alivyoanguka mbele ya mkwe wake

Jumapili, Hombolo

Na mume wangu bado anacheka huko sebuleni.

Tulikwenda bwawani kupanda mtumbwi na kuvua perege. Wakati wa kushuka, alimnyooshea mama mkono. Mama ni Mgogo wa kizamani, hamshiki mkwe mkono hata iweje. Akashuka mwenyewe, akaanguka topeni, kanga ikamvuka.

Wavuvi, watu baki, waligeukia pembeni. Mkwe alitoa simu akarekodi video. "Leo tumevua kambale!" Akairusha kwenye grupu la ukoo wao.

Sijui nitalalaje na mtu huyu.

Mama amejifungia chumbani, hajala. "Usigombane na mumeo, mwanangu," ameniambia. "Nianikie kanga ikauke, niondoke kabla hajaamka."