Kikombe Kimoja kwa Sita

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Swali la tatu la fizikia limenitoa jasho. Jiwe limeanguka kutoka juu ya jengo, limefika chini kwa sekunde tatu, tafuta urefu wa jengo. Nikapata mita 45. Nikafuta. Songea nzima jengo la mita 45 liko wapi? Pamela akacheka mpaka akakaa chini. Anasema mtihani hauulizi habari za Songea, na 45 ndiyo jibu. Mtoto wangu wa kumzaa yuko kidato cha tatu, mimi na miaka thelathini na nane narudia cha nne, na ananisahihishia kwa kalamu nyekundu! Namshukuru Mungu kwa huyu binti. Mdomo wake tu.

Mtihani ni Novemba. Nikipata D ya fizikia na D ya kemia, naomba chuo cha uuguzi. Miaka tisa nasafisha chumba cha kujifungulia pale zahanati. Nesi Hilda ndiye aliyenipeleka kujiandikisha, na kitabu cha kemia ni chake. Sitamsahau.

Jumatano, 10 Septemba

Kemia: asidi ya mola 2, unataka ya mola 0.5, kikombe kimoja utakiongezea maji vikombe vingapi? Nikaandika vinne. Nyekundu! Pamela anasema vinne ni jumla, na kimoja ni asidi yenyewe, kwa hiyo maji ni vitatu. Kumbe.

Halafu nikakumbuka klorini ya kazini, ile dawa ya kuulia vijidudu. Karatasi ya Nesi Hilda ukutani: kikombe kimoja, maji sita. Chupa ni asilimia 3.5, tunataka 0.5. Saba, toa moja — sita! Miaka yote nafanya kemia na sijui! Nimefurahi hadi machozi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilikwenda kunakili lebo ya chupa nimwonyeshe Pamela. 2.5. Nikaifuta kwa kanga. 2.5. Chupa hizi mpya zilikuja mwezi uliopita, rangi ileile, kifuniko kilekile. Inatoka tano, toa moja — nne. Wiki tatu nachanganya sita, dawa hafifu. Mikasi huchemshwa baadaye, sawa, lakini vitanda havichemshwi.

Ijumaa, 12 Septemba

Leo nimechanganya nne, kimyakimya. Nesi Hilda nitamwambiaje? Mwandiko wa ukutani ni wake. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo, na mimi barua ya kuombea chuo ataniandikia yeye. Naogopa.

Pamela nimemweleza, nikidhani atanisifu kwa ile nne. Akauliza: na waliojifungua wiki hizo tatu je?

Jumamosi, 13 Septemba

Nimemwambia Nesi Hilda. Asubuhi, shikamoo tu, nikaweka chupa na daftari mezani. Akavaa miwani. Akasoma lebo, akasoma hesabu yangu, akairudia mwenyewe pembeni kwa penseli. Nne. Nikajua kazi imekwisha, na chuo kimekwisha.

Akasema, "Karatasi ile niliandika mimi, Leti, na chupa nilizipokea mimi. Lete kitabu cha wazazi."

Majina kumi na moja. Hakunituma peke yangu — tangu saa tatu tunapita naye mitaa ya Mshangano kwa miguu, na magoti yake mabovu vile. Tumewaona saba. Wazima! Watoto wananyonya. Mmoja katufungia karanga, hajui hata tumefuata nini mpaka tulipomweleza. Nimesema asante Mungu hadi Nesi akaniambia nipumzishe ulimi.

Wa nane, mlango umefungwa. Jirani anasema mama alishikwa na homa, wakampeleka hospitali ya Peramiho na kichanga chake. Homa ya nini hajui. Lini? Jana asubuhi.

Alhamisi nilikuwa ninajua.

Nimemwambia Nesi Hilda hilo pia. Hakunigombeza. Kaniuliza kama nimekula, kanipa zile karanga. Mungu ambariki huyu mama, mimi sistahili.

Naandika nimekaa mlangoni hapa, kurasa za nyuma za daftari la kemia. Huenda ni malaria tu. Huenda. Nesi yuko barabarani anasimamisha gari la Peramiho. Limesimama. Ananiita — anasema nije na daftari, daktari atataka kuiona hesabu.