Maganda Chini ya Jani la Muhogo Wako

Yaya Feza,

Ndani ya kitabu changu cha mimea nimeficha bahasha tangu mwaka ule shamba lako lilipong'olewa. Ina kipande cha jani la muhogo wako, na upande wake wa chini kuna maganda ya nzi weupe, wale uliowaita unga unaoruka. Hukuiona bahasha hiyo. Sasa moyo wangu umechoka, na daktari haniambii tena nirudi lini. Ni mimi, mdogo wako, agronomu wako.

Shamba lako la Mudzipela limejaa nyumba za matofali. Mimi nakaa Bigo kwa binti yako Neema. Ananitwangia majani ya muhogo, sombe laini sana, maana meno yameniishia.

Unakumbuka mwaka ambao majani ya muhogo ya majirani yalijikunja na kuwa na mabaka ya njano? Wewe ulikuwa umemzika mume wako kule Mahagi, ukarudi kwetu juu ya pikipiki na fungu la miti ya muhogo refu kuliko wewe. Kila mama wa kanisa aliyekuomba mbegu ulimpa, kwa kuwa mbegu ya muhogo hainyimwi mtu. Majani yao yalipougua, wakaniita mimi niliyesomea kilimo, wakauliza: Nzi hawa waliojaa kwa Mama Feza, si ndio wanaoleta ugonjwa? Niligeuza jani moja shambani kwako, nikaona mabawa meupe, nikalikata na kulitia mfukoni.

"Ni wale wale," nikasema. "Ugonjwa umelala ndani ya miti. Ng'oeni, chomeni."

Ukaegemea jembe, ukaniita kwa jina la udogo wangu. "Petit, angalia muzuri. Hawa yangu banachoraka mviringo. Bale ba ugonjwa habachorake kitu." Kisha ukaongeza, "Weye na malineti yako, utaona ng'ombe useme mbuzi!" Wamama wakaitazama miwani yangu, wakacheka. Nami nikacheka, lakini kwa ndani nilichomeka. Nikakujibu kwa Kifaransa, lugha usiyoijua, ili watu waone mazungumzo yamekwisha.

Ulisema kweli, Yaya. Nzi weupe hawatambuliwi kwa mabawa. Wakishakomaa wanafanana mno. Mtu huangalia ganda ambalo mdudu huliacha chini ya jani anapotoka na mabawa yake. Wa kwako walikuwa aina nyingine. Wanataga mayai juu ya mistari ya nta inayozunguka, wananyonya maji ya jani, wanaliacha na masizi. Wanauchosha muhogo, ndiyo. Lakini ugonjwa ule hawaubebi. Hilo nililifundisha darasani miaka mingi.

Baada ya hapo hakuna aliyetaka mbegu zako. Uliwaita majirani kwa salongo, tulime upya pamoja, ukapika, ukangoja. Chakula tukakila wewe, mimi na Neema. Hukunilaumu hata siku moja. Ulipokuwa kitandani, siku zako za mwisho, ukaniambia, "Petit, kama ni mimi nilileta ile ugonjwa, uniombee."

Nikajibu, "Nitakuombea."

Nilisema nitakuombea! Kwa kosa gani?

Neema alikuwa ameokoa mti mmoja, akaupanda nyuma ya jiko. Sombe ninayokula inatoka hapo. Juma lililopita nilimwonyesha bahasha. Mchi ukasimama mkononi mwake. Nikamwambia niliyachunguza maganda nikiwa nimechelewa, shamba likiwa tayari majivu. Alilia kidogo, akanishika bega. "Mujomba, haukujua."

Jumapili, baada ya ibada, atakata ule mti vipande na kuwapelekea wamama waliobaki. Mimi watanibeba na kiti changu, niseme mbele yao kwamba Feza hakuleta ugonjwa. Nakuahidi, hata sauti ikiniishia njiani, Neema atawasomea barua hii yote, bila kuruka mstari.

Pumzika, Yaya. Nikifika huko, usiinuke kunipokea. Niache nije mwenyewe mpaka ulipo.

Lakini Neema amenisamehe jambo ambalo silo. Maganda yale niliyaweka chini ya mikroskopu ya shule Jumanne ya juma lile lile, na nikajua. Jumatano nilishinda ndani, nikiona haya kurudi mbele ya wale wamama na kusema nimekosea. Shamba lako waling'oa Alhamisi.