Ulimi wa Dani

Jericho, Nairobi
9 Machi 2025

Kwa Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, na umpe Mama zake kabla hajalalamika kwamba barua huandikiwa wewe peke yako. Sisi huku hatujambo. Mlango wa jikoni uliokuwa ukikwama enzi zako za kazi ya reli bado unakwama. Goti lako je? Nimefurahi kusikia kwamba lile sanduku la mwerezi nililokutumia Disemba bado linanukia, na kwamba umeweka humo Biblia yako ya zamani, ile uliyopewa na mama yako, Dani, ulipobatizwa. Uliandika kwamba kila ukilifungua unakumbuka mierezi ya Lebanoni na hekalu la Sulemani, hata mchungaji ameomba la aina hiyo. Hilo la mchungaji nitalirudia.

Najua umetafuta habari za Dani kwa macho kabla ya kusoma salamu. Mama yako mzima. Jicho la kushoto limepasuliwa, mtoto wa jicho ametolewa, na bandeji imeshafunguliwa. Jambo la kwanza aliloona ni nywele zangu, na hakuzisifu.

Baba, ulinifundisha kwamba neno zito haliambiwi kwenye simu, huandikwa, ili mtu alisome mara ya pili hasira ikishashuka. Nilikuambia nimeajiriwa katika duka la zawadi mjini. Zawadi yenyewe ni moja tu, siga: ile misigara minene kama kidole gumba, majani matupu bila karatasi, ambayo matajiri huvuta wakishashiba. Mimi, mwana wa mzee wa kanisa la Wasabato, niliyekua nikinyimwa hata majani ya chai, ndiye ninayewaeleza wateja ipi ina ladha ya kahawa na ipi inanukia ngozi. Sikuwa nimewahi kuvuta hata moja. Nilikariri vijitabu kama mafungu ya Sabato, na watu wakaniamini.

Lakini za mwizi ni arobaini. Mwezi jana mwenye duka, Mureithi, aliletewa aina mbili za siga zisizo na jina na mtu aliyetaka kutuuzia. Zote, mtu huyo alisema, ni za daraja la juu kabisa. Mureithi akatupa mimi na mwenzangu Tiffany jozi moja moja tukazionje nyumbani, tuandike hukumu. Atakayesema kweli awe mwonjaji wa duka. Mwingine atafute kazi pengine. Hapo vijitabu viliniishia, maana siga isiyo na jina haimo kitabuni.

Niliwasha ya kwanza nyuma ya nyumba saa kumi alasiri. Nilikohoa mpaka jirani yetu Ndindi akachungulia kuuliza kama nimekwamwa na mfupa. Dani alikuwa ndani, bandeji jichoni. Nikajua atanikemea kwa niaba yako. Badala yake alisema, lete.

Baba, kama umesimama, kaa. Aliinusa kwa muda mrefu. Akaibinya karibu na sikio, akasikiliza. Akalamba jani la nje. Kisha akaigeuza, akatia upande wenye moto ndani ya mdomo, akafumba midomo na kuvuta kwa utulivu kama mtu mwenye peremende. Nilidhani jicho limemchanganya, nikaruka kumnyang'anya. Akanizuia kwa kiganja. Alipoitoa alieleza kwamba bibi zake wote walivuta hivyo. Moto ukiwa ndani, upepo wa ziwa hauuzimi, wala mkwe hauoni. Nilimkumbusha kwamba aliacha tumbaku alipobatizwa. Akasema aliacha kuonekana.

Ya pili akaifanyia vivyo hivyo, ndipo akatoa hukumu. "Hii ya kwanza mwenyewe alikuwa na haraka. Kaianika juani, jani likakauka kabla ya kuiva. Hii ya pili ilining'inizwa kivulini, ikafunikwa ikatoa jasho, ikageuzwa, ikafunikwa tena. Mtu aliingojea." Akaongeza kwamba ya pili inaacha utamu ulimini kama njugu zilizokaangwa bila chumvi. Niliandika kila neno lake. Sikutia kahawa wala ngozi.

Mureithi alisoma mara mbili, akampigia simu mwenye siga. Yule akakiri kwamba ya kwanza ilikaushwa kwa pupa, naye aliileta makusudi ili ajue kama tunaifahamu kazi. Tiffany alikuwa ameisifu sana. Nafasi nikapewa mimi, na nikaambiwa Alhamisi nionje mbele ya wateja sita wa suti.

Wiki nzima Dani alinifundisha kwa sigara nyembamba, na njia anayoijua ni moja. Siku ilipofika mikono ilifuata ilichozoea. Niliwasha lile jisiga nene, nikaligeuza, nikatia moto kinywani. Ulimi ulichomeka kama nyama choma ya soko la Burma. Tiffany akauliza, "Okinyi, hiyo unavuta ama unakula?" Wateja wakaangua kicheko, isipokuwa mzee mmoja wa kutoka huko kwetu ziwani, ambaye alikuwa anapangusa macho. Alisema mama yake alivuta hivyo.

Mureithi aliniletea maji, akauliza ni nani aliyenifundisha. Nilichoka kudanganya, Baba. Nikasema mbele ya wote kwamba mwonjaji si mimi, ni nyanya yangu, na hukumu ile ni yake neno kwa neno. Nikaanza kukusanya vitu vyangu. Mureithi akasema niviache, nikamlete huyo nyanya.

Tulikwenda naye Jumatatu. Daktari amemkataza moshi, kwa hiyo alinusa, akabinya na kulamba tu, na hakukosea hata moja. Tiffany sasa anamwita shosho, kama bibi yake mwenyewe, na kumshika mkono ngazini. Mureithi amembakisha Tiffany, mimi amenibakisha muuzaji, na anataka Dani awe mwonjaji mara moja kwa mwezi. Dani amekataa kumjibu. Anasema hawezi kushika kazi ambayo mwanawe anaikemea kanisani, mpaka mwanawe aseme mwenyewe.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonitoa jasho. Lile sanduku lako ni la siga. Zilikuja ndani yake ishirini na tano, zikauzwa, nikaikwangua lebo kwa wembe. Mwerezi ni mwerezi kweli, lakini nusu ya harufu unayoisifu ni tumbaku. Nisamehe, Baba. Nilitaka uwe na kitu kizuri kutoka kwangu, na hicho ndicho kizuri nilichokuwa nacho.

Nilipomweleza Dani alicheka mpaka akashika jicho. Kisha akaniamuru niandike haya kama alivyoyasema: "Mwambie Caleb ile Biblia niliinunua kwa vikapu viwili vya tumbaku. Imerudi kwao tu."

Basi nasubiri neno lako, kwa maandishi. Dani akubali au akatae? Na la mchungaji liko tayari juu ya kabati, limekwanguliwa vizuri. Nilitume au nilifiche? Msalimie Mama, na majirani wote mpaka kisimani. Mungu awalinde, na goti lipone.

Mwanao mtiifu, mwenye ulimi ulioungua,
Okinyi