Kiunzi cha Sigara

Kiwanjani, Isiolo
Machi 1983

Baba,

Salaam aleikum huko uliko. Mama hajambo, ni magoti tu. Mvua bado. Lakini ninakuandikia kwa sababu ya mbwa wako Sigara, na kwa sababu ya jambo nililofanya siku tuliyokuzika.

Unakumbuka nyoka alipomtemea sumu nyuma ya zizi la mbuzi? Siku ya tatu macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Baba Mdogo akaja na rungu. "Hii mbwa imekwisha, ndugu yangu. Wacha nikusaidie." Wewe, uliyefundisha mbwa wa polisi mpaka ukastaafu, ulimjibu tu, "Miguu bado ni minne."

Ukaanza kuokota vitu. Mapipa ya lami waliyoacha watu wa barabara uliyakata pande zote mbili, ukaponda kingo zisimchane, ukayalaza matatu yawe njia ya kupita ndani. Ubao wa bodi ya lori uliupaka rangi, ukaunyunyizia mchanga kabla haijakauka ili kucha zisiteleze. Tairi ulilining'iniza kwa kamba ya katani. Mwisho kiunzi cha kuruka: vigingi viwili vya mgunga na fito moja katikati. Kila alasiri ulipiga kopo kwa kijiko, naye akafuata mlio. Watoto wa jirani walicheka mpaka wakachoka, kisha wakaanza kuja kutazama wakiwa kimya.

Mimi niliona aibu, Baba. Mwalimu mzima, baba yake anacheza na mbwa kipofu uani! Siku ya mazishi watu walijaa, kuni zikaisha wali haujaiva. Akina mama wakauliza kuna nini cha kuchoma. Nikakiendea kiunzi chako, nikaking'oa mwenyewe. Nikawapa. Tena nilifurahi kidogo. Nisamehe.

Baada ya hapo Sigara alilala ndani ya pipa. Maji alikunywa, chakula hapana. Mama akaniambia, "Muite vile baba yako alikuwa anamuita." Juzi nikachukua kopo. Nikalipiga kwa kijiko.

Akatoka. Akapita mapipa yote matatu, akapanda ubao, akashuka, akajipenyeza kwenye tairi. Kisha akakimbilia pale penye kiunzi. Hapakuwa na kitu, Baba. Mashimo mawili tu. Nikaacha kupiga kopo. Akakaza mwendo, akakunja miguu, akaruka.

Aliruka hewa tupu! Kimo kile kile ulichomfundisha. Mama alikuwa anapeta mchele. "Subhanallah," akasema, na ungo ukamponyoka.

Nikakaa chini mchangani, nikalia kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Sigara akaja akaninusa magoti. Nikamshika kichwa, mimi niliyekuwa nikimpitia mbali kwa kulinda udhu wangu.

Kesho yake nikakata miti. Kimo sikukijua, na wa kumuuliza ndiwe. Basi Mama akapiga kopo, Mama huyu huyu aliyekuwa akikuita mwendawazimu, nami nikalala kifudifudi kando ya njia nikiwa nimesimamisha fimbo. Sigara akaruka tena pasipo kitu. Pale tumbo lake lilipopita, nikatia alama kwa kisu. Mbwa asiyeona ndiye aliyenipa kipimo chako.

Fito yangu imepinda, na vigingi havilingani. Ungecheka sana. Lakini aliipita bila kuigusa, Baba, mara tatu.

Kwaheri, Baba. Mungu akupumzishe. Nakuahidi hivi: kadiri anavyozeeka nitaishusha fito, kidole kimoja kimoja, asijue. Hata siku fito itakapolala mchangani kabisa, nitapiga kopo, naye ataruka.

Mwanao,
Halima