Shamba la Mwani Chini ya Fentje

Leer, Ujerumani
9 Februari

Mpendwa kaka Onno,

Hujambo wewe? Hajambo wifi Megan, na yule mtukutu wenu ameshaota meno? Huko Halifax theluji imepungua, au bado mnachimba njia ya kutokea mlangoni? Sisi wazima, ila shemeji yako Tjark anaumwa mgongo, na kosa ni lake mwenyewe. Mama naye mzima, bado anakwenda sokoni kwa baiskeli na hataki kuambiwa kitu.

Najua unachotaka kusikia kwanza. Samaki wako Fentje yu hai, tena ananenepa! Kila asubuhi namkuta anadonoadonoa mawe kwenye tangi ulilotuachia, na rangi yake ya buluu na machungwa imerudi.

Desemba alitutia hofu, kaka. Alikonda hadi tumbo likabonyea. Chakula cha kopo hagusi kabisa, anataka vidudu hai tu, wale wanaotambaa mawemawe, na alikuwa amewamaliza. Tulikuwa tumeliondoa lile tangi dogo la chini ulimokuwa unamfugia vidudu, na bila hilo angekufa na njaa mbele ya macho yetu.

Tuliliondoa kwa sababu ya Bi. Habbena wa ghorofa ya chini. Wakati wa vuli umeme ulikatika, konokono akakwama kwenye vali ya kuzuia maji yasirudi, na maji ya chumvi yakashuka yote tangi la chini, likafurika hadi yakamdondokea mezani, juu ya vikombe vyake vya chai alivyorithi. Alipanda ngazi hadi mlangoni kwetu. "Tone moja tena, Hilke, naenda kwa mwenye nyumba. Samaki wenu mtamla!" Na unajua mwenye nyumba anamsikiliza yeye.

Basi Tjark akakaa jikoni na rula yake kupanga tangi jipya la chini. Chumba cha kwanza maji yanaingia na soksi ya kuchujia inanasa uchafu, cha kati ni shamba la mwani ambamo vidudu watazaliana, cha mwisho pampu inarudisha maji juu kwa Fentje. Aliuchora mpaka mwani kwa kalamu ya kijani! Lakini alijaza maji hadi ukingoni, eti maji yakiwa mengi samaki ana raha.

"Umeme ukikatika," nikamuuliza, "maji yatakayorudi yatakaa wapi?"

"Vali itayazuia."

"Vali ipi, mume wangu? Ile ya konokono?"

Alinuna. Kisha akachukua kifutio. Tukashusha maji, tukaacha nafasi tupu juu, na vali tukaitupa. Badala yake akatoboa tundu dogo kwenye bomba la kurudishia maji, chini kidogo tu ya uso wa maji ya tangi la juu, ili pampu ikizima hewa iingie na maji yaache kuvutwa.

Sasa sikia balaa. Huyo shemeji yako aliwasha drili Jumapili mchana, watu wamepumzika! Bi. Habbena akagonga dari kwa ufagio, halafu huyo akapanda mwenyewe, na koti la nyumbani.

"Mnanijengea bahari nyingine kichwani?"

Nikamvutia kiti mbele ya tangi, nikaweka sukari ya mawe kikombeni, nikammiminia chai na krimu. Hakuigusa. Alimtazama Tjark, ambaye alikuwa ameshaumia mgongo kwa kubeba vioo peke yake.

"Chomoa," akasema.

Tjark akachomoa waya. Maji yakashuka, yakapanda katika tangi la chini, yakapanda, mimi nimeshika taulo kama mjinga. Yakasimama shubiri moja chini ya ukingo. Bi. Habbena akanywa, akanisogezea kikombe. Unamjua: asipotia kijiko kikombeni, hajatosheka, na lazima umjazie tena.

"Tena."

Tukawasha, tukachomoa, yakasimama palepale. Akanywa, akasogeza kikombe nimjazie mara ya tatu. Safari hii alipiga magoti akachomoa mwenyewe, akapapasa zulia kwa kiganja. Kavu.

Akarudi kitini, akamtazama Fentje muda mrefu. "Mbona amekonda hivi, maskini?" Akamaliza chai yake taratibu, akatia kijiko kikombeni.

Onno, nililia palepale na taulo langu mkononi.

Msalimie sana wifi, na umbusu mtoto kwa niaba ya bibi yake. Tjark anakusalimu akiwa amelala chali. Bi. Habbena naye anakusalimu. Kila Jumapili anapanda kumtazama Fentje, na ananiambia nampunja chakula. Mungu awatunze huko mliko na awarudishe salama mje kuketi nasi.

Ni mimi dada yako nikupendaye siku zote,
Hilke