Tairi la Kushoto la Trela

Kwako binti yangu Tonka,

Salamu zikukute mzima huko Dublin. Kijiji chetu kizima cha Tribunj kinanionea wivu mimi baba yako: mama yako anapata nafuu hospitalini, na trela ya mashua imepona kabisa.

Tairi la kushoto lilikuwa linalika upande wa ndani tu, mpaka nyuzi zikachungulia. Fundi Lovre alilala chini yake, akacheka. "Mzee Vicko, ekseli ya magurudumu imepinda! Unapanda na mashua milimani kuvua mbuzi?"

"We funga nati, umbea mwachie mama mkwe wako," nikamjibu.

Lakini kweli napanda nayo. Kila Jumapili naivuta mpaka hospitalini, naikweza juu ya ukingo wa barabara, chini ya dirisha la mama yako, aione mashua yetu. Ukingo huo ndio uliopinda ekseli. Nilipomweleza Lovre, alifunga ekseli mpya, akakataa malipo, hata kahawa.

Jana niliipeleka, ikaenda imenyooka kama bwana harusi. Mama yako hakugeuza kichwa.

Nimekudanganya, mwanangu. Hapati nafuu. Njoo.

Baba yako,
Vicko