Nyama Niliyokulisha kwa Mmoroko

Mpendwa dada Minza,

Sina anwani yako, ndiyo maana nakuandikia mbele ya watu wote. Huenda mmoja wao anajua ulipo.

Naanza na kwetu Didia, maana huko ndiko ulikoacha nyama. Ilikuwa jioni, tumekaa chini na mayu, mama yetu, bakuli la nyama ya ng'ombe katikati. Wakaingia wanaume watatu na mapanga. Walitaka mayu akiri kwamba amemroga mtoto wa jirani, eti kwa kuwa macho yake ni mekundu. Nani pale kijijini alipikia kinyesi cha ng'ombe, akavuta ule moshi miaka yote, akabaki na macho meupe? Mayu akasema, "Sijamroga mtu." Wakamkata shingoni pale pale. Damu iliruka mpaka ndani ya bakuli. Tangu siku hiyo nyama haikupita kooni mwako. Ulijaribu mara mbili, ukatapika.

Tulipokimbilia machimbo ya dhahabu kule Geita uliishi kwa michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na mlenda. Ulikonda, dada, mpaka wachimbaji wakawa wanakucheka.

Halafu siku moja ukampelekea Mzee Idrisi dengu za kuuza. Watu walimwita Mwarabu, naye kila mara alisahihisha: "Mimi Mmoroko." Alikuja kununua dhahabu, biashara ikamshinda, akafungua hoteli ya mabati kando ya njia ya machimboni. Siku hiyo alikukaribisha chakula, ukamwambia huli nyama. Hakukuuliza sababu. Alikwenda nyuma akarudi na chungu kipya chenye mfuniko uliochongoka kama paa la msonge.

"Hiki hakijui nyama," alisema. "Chako."

Nakumbuka alivyopika humo: dengu, boga, karoti, bilinganya, zabibu kavu, bizari na mdalasini, moto mdogo, bila haraka. Kuskusi aliifikicha mwenyewe kwa unga wa ngano mpaka ikawa chembechembe, akaipika kwa mvuke. Tulikula kwa mkono kwenye sinia moja. Ulikula mpaka ukatokwa jasho puani, kisha ukacheka peke yako. Sikuwa nimekusikia ukicheka tangu Didia.

Akakuajiri. Mkatenga meza ya wasiokula nyama karibu na dirisha. Yule mfanyabiashara wa Kihindi wa Shinyanga mjini, kila alipokuja kununua dhahabu, aliketi hapo akasema hajapata chakula safi namna hiyo nje ya jiko la mke wake. Ulinenepa. Ulianza hata kununua vitenge.

Ndipo duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, likaporomoka, likafukia watu wanne. Kwenye matanga walichinja ng'ombe. Ulipewa sahani, ukairudisha kwa heshima. Lugola, ambaye mdogo wake alikuwa bado hajatolewa chini, alikutazama kwa muda mrefu.

"Huyu hali nyama ya ng'ombe," akasema. "Sasa anakula ya nani?"

Swali hilo lilizunguka kambi nzima. Mtu aliyetoka kwetu akaongezea habari za mayu. Nililisikia kabla jua halijazama, nikakuambia. Ukasema ni maneno ya wafiwa, yatapita. Nami nikakubali.

Walikuja kesho yake saa sita mchana, watu wanakula. Mzee Idrisi alisimama mlangoni, mikono mitupu. "Huyu mtoto wangu. Ondokeni." Sururu ya kwanza ilimwingia begani. Ya pili ilimpasua kichwa, akaangukia meza yako, kuskusi ikamwagika ikalowa damu. Wateja waliruka dirishani. Lugola alikushika nywele akakuburuta mpaka uani, ukipigwa mateke njia nzima. Wakaleta karai la nyama ya matanga.

"Ale tumwone!"

Ulifunga meno. Mdomo umepasuka, jicho moja limevimba, ukasema, "Sili."

Nilimwona mwanamume nyuma yako akiinua jiwe kwa mikono miwili.

Nilikurukia mimi. Nilikuminya taya mpaka likaachia, nikasukuma nyama ndani, nikakuziba mdomo na pua mpaka ukameza. Nikarudia. Nikarudia tena. Ulining'ata kidole mpaka mfupani. Nilikuwa napiga kelele, "Kala! Mmeona wenyewe, kala!" Jiwe likashuka chini taratibu. Lugola alikuwa analia. Wakaondoka mmoja mmoja, kama watu waliomaliza kibarua.

Mzee Idrisi alikata roho kabla gari halijapatikana. Waislamu wa kambini wakamzika. Wewe ulikaa kizingitini siku mbili. Siku ya tatu ulifunga mzigo wako, ukaniambia:

"Wao walinishika nywele. Wewe ulinishika kinywa."

Ukapanda basi.

Sasa naishi Ngokolo, pale Shinyanga mjini, nina watoto. Mara nyingi nimeanza kukuandikia maneno ya kuomba radhi, nikayachana, kwa sababu ni ya uongo. Ninachojuta ni ile jioni tulipolisikia swali la Lugola tukalala badala ya kukimbia. Mzee Idrisi angekuwa hai. Hilo linaniamsha. Lakini ile nyama, hapana, dada. Leo wakikuzunguka tena, nitakuminya taya tena, kwa nguvu zaidi.

Usinisamehe kama huwezi. Nichukie. Ila nichukie ukiwa hai.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Holo